Mwongozo kamili: jinsi ya kuomba ruzuku ya kuondoa floraidi kwenye maji ya kijiji, bila andiko kurudishwa

Wadau wa maji, lalamiko ni lile lile kila mara. "Tumeandika andiko la kuomba ruzuku, tumepeleka, hatujajibiwa." Au wamejibiwa kwa barua fupi kwamba ombi halikufanikiwa. Ukiomba uone hilo andiko unakuta kurasa mbili za kueleza shida, picha ya mtoto mwenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi (madini ya kwenye maji ambayo yakizidi yanaharibu meno na mifupa), alafu mwishoni "tunaomba mtambo wa kuchuja maji". Shida ni ya kweli kabisa na inauma, ila kwa karatasi ile hakuna mtu anaweza kuidhinisha pesa hata akitaka.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba bei ya mtambo haimtishi mfadhili. Kinachomtisha ni mtambo kufa baada ya miezi michache, chenga (zile punje za ndani zinazonasa floraidi) zimechoka, hakuna wa kununua nyingine, watu wamerudi kisimani na bango lenye nembo yake bado limesimama pale. Kwa hiyo andiko zima inabidi lijibu swali moja, chenga zikiisha nani atalipa? Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Nimeandika nikiwa na vijiji vya Tanzania kichwani, ile mikanda yetu ya floraidi, kuzunguka Mlima Meru, Hai na Siha, Hanang, Singida, Shinyanga. Walioko Kenya, Nakuru na Baringo, maji ni yale yale ya Bonde la Ufa, mlango wa pesa ndo tofauti na nimewawekea aya yenu kwenye hatua ya 7.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaandika hata sentensi moja

- Majibu ya maabara ya vyanzo vyote mnavyotumia, yenye tarehe na muhuri
- Cheti cha usajili wa chombo chenu cha maji ngazi ya jamii (CBWSO) na katiba yake
- Akaunti ya benki kwa jina la chombo, na taarifa yake ya miezi ya karibuni
- Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji pamoja na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa
- Karatasi ya kijiji kutoa eneo la kujenga
- Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya bonde lenu
- Barua ya meneja wa wilaya wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini)
- Idadi ya kaya, wanafunzi na wagonjwa wa zahanati, namba halisi kutoka kwa mtendaji, sio za kukadiria
- Bei za kuandikwa kutoka kwa wauzaji watatu

Kama CBWSO haijasajiliwa anzeni hapo, mengine yasubiri. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, ndo iliyoweka RUWASA na hivi vyombo vya jamii, na bila usajili nyie kwa mfadhili ni kundi la watu tu, hamuwezi kusaini mkataba.

## Hatua ya 1: Pima maji, tena pima vizuri

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji ya kisima yanaweza kuwa safi kama kioo na bado yakawa na mara 5 ya kiwango. Kwa hiyo maneno ya "maji yetu yana floraidi nyingi" hayana uzito, uzito uko kwenye namba.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na ndo kinachotumika Tanzania siku hizi. Hapa kuna mtego. Zamani kiwango chetu kiliruhusu mpaka miligramu 4, kwa hiyo ukikuta ripoti ya kisima ya miaka ya nyuma imeandikwa "yanafaa kwa matumizi" usiibandike kwenye andiko hivi hivi, angalia namba yenyewe. Kuna vijiji vina ripoti ya 3.2 inayosema maji yanafaa na wanaishangaa mpaka leo.

Utaratibu ni huu. Chukua sampuli kwenye kila chanzo ambacho watu wanakunywa, ikiwemo kile cha mbali ambacho kinamama wanakifuata kiangazi tu. Tumia chupa ya plastiki, kioo hapana, maana floraidi inashikana na kioo na majibu yanapotoka. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza, andika jina la chanzo, tarehe na saa. Sampuli ya floraidi haiharibiki haraka, inavumilia safari. Ila ya kupima vijidudu inahitaji chupa maalum iliyotakaswa na boksi la barafu, ifike maabara ndani ya saa 24, hiyo mwachie mtaalamu wa maabara aje achukue mwenyewe.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, muulize meneja wa RUWASA ya kwenu ni ipi. Omba wapime na pH (kipimo cha uchachu wa maji), chumvichumvi, ugumu, naitreti na vijidudu, usiishie floraidi peke yake. Sababu ni kwamba njia ya kuondoa floraidi inategemea na hayo mengine, na mfadhili akimpa mhandisi wake andiko lako hilo ndo swali la kwanza atauliza.

Pima mara mbili kama mnaweza, masika na kiangazi. Chemchemi na mito hubadilika sana kati ya misimu, na mtambo uliopangwa kwa namba ya masika unaweza kuzidiwa kiangazi.

Onyo: usipunguze wala kuongeza namba. Wafadhili wengi wanakuja kupima wenyewe, na mkikutwa namba zimetiwa chumvi ombi limeishia hapo na jina la kijiji limechafuka.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali la mistari michache, chanzo, tarehe, floraidi, kaya zinazotumia, na kila namba ina karatasi ya maabara nyuma yake.

## Hatua ya 2: Jiulizeni kama mtambo unahitajika kweli

Najua hamkutaka kusikia hii lakini kuondoa floraidi ni kazi ngumu na ya gharama ya kila mwezi, milele. Kabla ya kuomba mtambo angalieni kama kuna chanzo chenye floraidi ndogo ambacho bomba linaweza kufika. Ndo njia ambayo hata jiji la Arusha limeitumia kwenye ule mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520 uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, visima vipya vimechimbwa mpaka upande wa Hai.

Kuna na kuchanganya. Kisima chenu kina 6 na kuna chemchemi ndogo yenye 0.5, mkichanganya nusu kwa nusu mnapata 3.25, bado haijafika kiwango lakini kazi ya kuondoa imepungua zaidi ya nusu. Ndoo moja ya kisima kwa ndoo tano za chemchemi inatoka 1.4, hapo hamna haja ya mtambo kabisa. Maji ya mvua nayo hayana floraidi ya kusumbua, na shule yenye paa kubwa la bati na tenki inaweza kuwapa watoto maji ya kunywa kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Andikeni haya yote kwenye andiko hata kama jibu ni hapana. "Tuliangalia chemchemi fulani, iko kilomita kadhaa, inakauka Agosti" ni sentensi inayomfanya anayesoma aone mmefikiri. Wengi wanairuka na ndo sababu wanaulizwa "kwa nini msivute bomba?" alafu wanakosa jibu.

Na mambo mawili ya kuambiana kijijini mapema. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Vidonge na dawa za klorini haziigusi. Alafu magadi tunayopikia maharage na makande nayo yanabeba floraidi nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kunywa maji yaliyochujwa na bado akaipata kwenye sufuria.

## Hatua ya 3: Omba maji ya kunywa na kupikia tu

Hapa ndo maandiko mengi yanafia. Kijiji cha kaya 300 kinaomba mtambo wa kusafisha maji yote ya bomba, ya kufua, ya kunyweshea ng'ombe, ya kumwagilia mchicha, ya kufyatulia tofali. Gharama inapaa na mfadhili anaona hiyo haiwezekani.

Floraidi inaumiza ukiimeza. Kuoga na kufua hakuna shida. Kwa hiyo hesabu ya haki ni ndoo moja ya lita 20 kwa kaya kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kaya 300 ni lita 6,000 kwa siku, huo ni mtambo mdogo unaokaa kwenye kibanda kimoja pembeni ya kituo cha kuchotea maji, mabomba mengine yanaendelea kama kawaida.

Kama hata hizo ni nyingi kwa kuanzia, anzeni na shule ya msingi, chekechea, zahanati na kaya zenye watoto wadogo. Sababu ni ya kitaalamu, meno ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi toka utotoni mpaka kama miaka 8, na doa la kahawia linaingia kipindi hicho hicho. Mtu mzima aliyekulia kwenye maji mazuri hawezi kupata madoa yale hata akihamia kwenu. Mtoto wa miaka mitatu leo ndo wa kuwahiwa, na kila mwaka andiko linaporudishwa kuna watoto wanapita hiyo umri bila kurudi. Kwenye maji yenye kiwango kikubwa zaidi kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, miguu inapinda, na hapo hakuna dawa ya kuirudisha.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: lita ngapi, kwa siku, kwa nani, kutoka namba gani mpaka namba gani.

## Hatua ya 4: Chagueni njia, na mseme kwa nini hiyo

Usiandike "mtambo wa kisasa". Njia zinazojulikana huku kwetu ni hizi.

Mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 400 hadi 500, inasagwa kuwa chenga, maji yanapita katikati yake na floraidi inanasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arumeru, cha Wizara ya Maji, kimefanya kazi hii miaka mingi, na Nakuru pia wameitumia sana. Uzuri wake ni kwamba malighafi ipo kwetu. Ubaya ni kwamba mifupa ikiungua kidogo maji yanatoka na harufu na rangi, ikiungua kupita kiasi inakuwa nyeupe na nguvu ya kunasa inashuka, kwa hiyo nunueni kwa anayejua kuchoma, msijichomee kienyeji. Na lazima mliongee kwenye mkutano: mifupa ya mnyama gani, imetoka wapi. Waislamu watataka uhakika kwamba hakuna mfupa wa nguruwe na wana haki ya kuupata. Mradi unaweza kujengwa ukakataliwa na nusu ya kijiji kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Shabu na chokaa, ile njia iliyopewa jina la Nalgonda, wilaya ya India ilikotokea. Unakoroga, tope linatuama, unachota juu. Vifaa ni rahisi, hata ndoo mbili zinatosha nyumbani. Lakini kipimo cha shabu lazima kiwe sahihi kila siku, tope ni jingi, na floraidi ikiwa juu sana haishuki mpaka 1.5 kirahisi.

Mtambo wa utando unaosukuma maji kwa presha. Unatoa maji mazuri sana na unaondoa na chumvi, ila unataka umeme wa uhakika, fundi aliyesomea, na sehemu kubwa ya maji inatupwa ikiwa na floraidi iliyokolea zaidi. Kama kisima chenu kina chumvi pia unaweza kuwa ndo jibu. Kama hakina chumvi, kwa kijiji kidogo mimi sishauri.

Kwa njia yoyote semeni mabaki yanaenda wapi. Tope na chenga zilizochoka zimebeba floraidi yote mliyoitoa, haziwezi kumwagwa mtoni wala shambani. Shimo lililojengewa, mbali na kisima, na lichorwe kwenye ramani ya mradi.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya uendeshaji mbele ya wanakijiji

Hii ndo roho ya andiko, chukueni muda.

Nachukua mfano wa mkaa wa mifupa. Tuseme kisima kina 6 na mnataka maji yatoke na 1, maana yake kila lita inaacha miligramu 5. Tuseme kilo moja ya chenga inanasa gramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka (namba halisi muulize anayetengeneza, inabadilika kulingana na maji). Gramu 2 ni miligramu 2,000, gawa kwa 5, unapata lita 400. Kilo moja ni ndoo 20.

Sasa bei. Tuseme kilo ni shilingi 2,000, nayo ni ya mfano tu. Gawa kwa ndoo 20, kila ndoo imekula shilingi 100 za chenga peke yake, kabla ya mshahara wa mtu wa kuchotesha, kabla ya kupima maji, kabla ya koki kuharibika.

Kwa ndoo 300 kwa siku mnahitaji kilo 15 kwa siku, kilo 450 kwa mwezi, shilingi 900,000 kila mwezi. Mkiuza ndoo shilingi 150 mnapata 1,350,000, zinabaki 450,000 za mengine yote. Na hiyo ni kama kaya zote 300 zinakuja kila siku, jambo ambalo mwanzoni haliwezi kutokea. Wakija nusu, chenga zinatumika nusu lakini mshahara wa mhudumu uko pale pale.

Sasa ulizeni mkutanoni, mtu aliyezoea ndoo ya shilingi 30 au 50 atalipa 150 kwa ndoo ya kunywa? Wengine watasema ndio kwa mdomo. Njia nzuri ni kuuliza kaya kwa kaya na kuandika, na kuuliza kinamama maana wao ndo wanaojua ndoo ya kunywa inaisha lini. Kama jibu ni hapana kuna mambo matatu ya kufanya, kushusha floraidi kwanza kwa kuchanganya (rudi hatua ya 2, kisima cha 3 badala ya 6 kinafanya ndoo iwe shilingi 40 za chenga), au kuongeza kidogo bei ya maji ya kawaida ili yabebe ya kunywa, au halmashauri kuchangia kwa barua iliyosainiwa ya kiasi na muda. Kaya zisizoweza kabisa, wazee na wagonjwa, semeni mtawapa vipi na nani anafidia.

Onyo kubwa: usiandike "wananchi watachangia uendeshaji" ukaishia hapo. Hiyo sentensi wafadhili wameshaisoma mpaka wamechoka.

Umefanikiwa ukiwa na jedwali la mwaka mzima, mapato kwa kaya zote, mapato kwa nusu ya kaya, gharama kila mwezi, na akiba ya kununua chenga za mzunguko unaofuata ikiwa tayari benki kabla za kwanza hazijachoka.

## Hatua ya 6: Karatasi za kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ukae, ajenda iwe hii, muhtasari uandike nini kiliamuliwa: eneo, bei ya ndoo, nani mhudumu, mchango wa kijiji. Usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, mahudhurio yaambatishwe. Muhtasari upite na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Eneo likiwa la mtu binafsi, makubaliano yaandikwe na familia isaini, mke na watoto wakubwa wakiwepo, maana migogoro ya ardhi inaanzaga mtoaji akishafariki.

Mchango wa kijiji sio lazima uwe pesa. Mawe, mchanga, kuchimba mtaro, vyote vina thamani, viwekeeni bei na viingie kwenye bajeti.

## Hatua ya 7: Gonga mlango sahihi

Serikali. Mfuko wa Taifa wa Maji unapata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, lakini pesa zake zinapita kwa RUWASA na mamlaka za maji, kijiji hakiandiki ombi moja kwa moja. Mlango wenu ni meneja wa RUWASA wilaya. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na bajeti za wizara zinapita bungeni kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo ukienda Mei umechelewa. Mradi uwe mezani kwake kabla ya Desemba ukiwa na majibu ya maabara.

Ubalozi wa Japani, ile ruzuku yao ya miradi midogo ya jamii. Kawaida inaishia kama yen milioni 10 kwa mradi, inapokea asasi zisizo za faida na halmashauri, sio mtu binafsi wala kampuni. Inalipia ujenzi na vifaa. Mishahara na vitu vya kuisha kama chenga hailipii, na ndo maana hatua ya 5 ni ya lazima.

Rotary, ule mtandao wa klabu za watu wa kujitolea. Ruzuku yao kubwa inaanzia bajeti ya dola 30,000 na inataka klabu mbili, moja ya huku na moja ya nje. Hamuandiki Marekani, mnaenda kwa klabu iliyo karibu na nyie, mnawaalika waje waone, wao ndo wanaomba. Wanataka tathmini ya mahitaji ya jamii, karatasi zenu za hatua ya 1 mpaka 5 zinajibu karibu yote.

Mfuko wa Jimbo. Kamati yake inaongozwa na mbunge. Ni pesa ndogo, inafaa kwa kibanda, tenki au bomba la mita chache, na ikiingia kama mchango inapendezesha ombi kwa mfadhili mkubwa.

Migodi. Kama mko jirani na mgodi, sheria ya madini inautaka uwe na mpango wa kuwajibika kwa jamii uliokubaliwa na halmashauri. Nendeni halmashauri muombe mradi wenu uingie humo.

Kenya: Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji, uliokuwepo toka Sheria ya Maji ya 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016, upo kwa ajili ya maeneo yaliyosahaulika. Unatangaza miito ya maombi, na mtapita na kaunti au kampuni ya maji ya eneo lenu.

Usitume andiko moja lile lile kwa wote watano kwa siku moja. Kila mmoja ana fomu yake na kitu asicholipia. Mkiomba wawili kwa pamoja, mwambieni kila mmoja nani analipia nini.

## Hatua ya 8: Kuandika lenyewe

Kurasa 6 mpaka 8 zinatosha, viambatisho pembeni. Mpangilio unaofanya kazi:

1. Ukurasa wa kwanza: kijiji, kaya, floraidi ni ngapi, mtaishusha mpaka ngapi, lita ngapi kwa siku, pesa mnayoomba, mchango wenu.
2. Shida, kwa jedwali la maabara. Picha moja au mbili zatosha, na mzazi awe amekubali kwa maandishi. Uso wa mtoto usionekane kama hakuna haja.
3. Njia mbadala mlizoangalia.
4. Mtambo na mchoro wake, ikiwemo shimo la mabaki.
5. Uendeshaji na lile jedwali la mwaka.
6. Nani anapima, lini, na mnafanya nini namba ikipanda.
7. Bajeti, na kila mstari una bei ya kuandikwa kutoka kwa muuzaji.

Namba 6 watu wanaiandika mstari mmoja na ni kosa. Kwa kuwa floraidi haina ladha, chenga zikichoka hakuna mtu atakayejua kwa mdomo. Andikeni hivi: mhudumu anapima kwa kifaa cha mkononi kila wiki na kuandika kwenye daftari linaloning'inia ukutani watu wote walione, maabara inapima kila miezi mitatu, na namba ikifika 1.2 chenga zinaagizwa, ikifika 1.5 koki inafungwa. Kifaa cha kupimia na kemikali zake viingie kwenye bajeti ya mwanzo.

Mpe mwalimu asome, alafu mpe mtu asiyejua mambo ya maji kabisa. Akishindwa kukwambia pesa zinaenda wapi, rudi uandike upya.

## Hatua ya 9: Wakija kukagua, na pesa ikiingia

Wakija, wapelekeni kwa kinamama na kwa mhudumu mtarajiwa, msiwapange mstari wa viongozi wa kuhutubia. Wataulizia bei ya ndoo kwa mtu yeyote watakayemkuta njiani, na kama mkutano ulifanyika kweli kila mtu ataijua.

Mkataba someni wote watatu, mwenyekiti, katibu, mhasibu, kabla ya kusaini. Angalieni pesa inakuja kwa awamu au kwa mkupuo, na bei zikipanda nani anabeba. Kila malipo yawe na risiti ya EFD, saini mbili benki, na daftari la mapokezi ya vifaa. Pesa za mradi zisikae akaunti moja na makusanyo ya maji, fungueni nyingine.

Mtambo ukishafungwa, maji ya mwanzo mwageni mpaka yatoke bila rangi, alafu maabara ipime kabla mtu yeyote hajanywa. Hiyo karatasi ya kwanza yenye namba chini ya 1.5 tumeni kwa mfadhili wiki hiyo hiyo, bila kusubiri ripoti ya robo mwaka. Nakala moja bandikeni kwenye kibanda, nyingine ofisi ya kijiji, nyingine kwa meneja wa RUWASA, na siku hiyo hiyo mhasibu aweke benki fungu la kwanza la kununulia chenga zinazofuata.